Dakika za Ndege na Saa za Mgonjwa



Mgonjwa akizidiwa, swali la kwanza tunaloulizwa dispansereni ni hili: "Muganga, kwa ndege ni dakika ngapi?" Kwa maoni yangu swali hilo linatupoteza.

Tutazame hesabu. Kutoka Kindu mpaka Kinshasa, hewani, ni karibu kilomita 1,170. Ndege ya jeti huzimaliza kwa saa mbili hivi. (Ukiondoka Kindu saa sita, saa ya ukutani kule itasema saa saba tu. Si upepo uliokusukuma: saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja.) Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni karibu kilomita 185 hewani. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingefika kwa dakika 40. Kabambare na Kasongo ni kama kilomita 115, nusu saa pamoja na kupaa na kutua.

Ni kweli, lakini mgonjwa halali uwanjani. Analala kambini. Abebwe kwanza kwa kipoyi au pikipiki, kisha ashike barabara ya udongo ambayo mvua moja huigeuza tope. Ndege ndogo nayo hungoja mawingu yainuke. Na anayekwenda Kindu kwa motokari hufikia Alunguli, ukingo wa kuume wa Lualaba. Uwanja wa ndege uko ng'ambo, basi auvuke mto kwanza. Kilomita 185 zinaweza kula saa nyingi kuliko zile 1,170.

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali, aliyeanza degedege, hupewa dawa ya artesunate ya kuingizwa njia ya haja kubwa, kisha apelekwe hospitali saa ileile. Dawa hiyo inampa muda wa kufika, haimalizi ugonjwa. Kukaa naye nyumbani mpaka ndege isikike ni kuula muda huo.

Tena ndege haimfai kila mtu. Juu angani hewa ni nyepesi: kwenye mita 2,400 oksijeni ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Aliyepungukiwa sana damu ataumia, na aliyebanwa kifua na jiwe, hewa ikiwa imevuja nje ya pafu, itatanuka na kumziba pumzi. Huyo asipandishwe kabla daktari hajamwona.

Ninaloomba ni ubao mmoja kwenye mlango wa kila dispansere: saa za safari kutoka hapa mpaka chumba cha upasuaji, za kiangazi na za mvua, pamoja na kuvuka mito. Kilomita zisiandikwe. Madereva ndio wanaozijua saa hizo. Tukae nao jioni moja kabla ya mvua za Septemba, tuanze na njia ya Kabambare kwenda Kasongo.