Miti ya Umma na Mihuri Yetu



Juu ya ukataji wa miti katika ardhi ya umma, twasikia miongoni mwetu maneno ya namna mbili. Wa kwanza husema mti ni mali, na gogo liozalo porini halimlipii mtu ada ya shule. Wa pili husema shoka lipigwe marufuku kabisa, toka Ileje hata bonde la Rukwa. Sisi twaona pande zote mbili zimekosa, na zimekosa kwa sababu moja: zote hutazama shoka, wala hapana mmoja aitazamaye karatasi.

Kwanza tulitendee shoka haki. Misitu yetu ya miyombo haifi kwa jeraha moja. Kisiki cha myombo huchipua, na mahali palipokatwa kwa kiasi, pasipolimwa wala kuchomwa moto kila kiangazi, miti hurudi. Tena mbao za halali hutupa madawati na milango, na mwanakijiji apataye faida msituni ana sababu ya kuulinda. Asiyepata kitu, kesho ataufyeka alime mahindi, nasi hatutakuwa na la kumjibu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yaijua hekima hiyo, maana huruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutunza na kuuvuna kwa mpango.

Lakini mninga si myombo. Mche wake hukauka juu kila kiangazi ukabaki mzizi tu, mwaka baada ya mwaka, kabla haujapata nguvu ya kusimama. Hata uwe mnene wa kupasuliwa mbao, aliyeuona ukiota amekwisha kuwa babu, au amekwisha kuzikwa. Aukataye ungali mwembamba amekula mbegu. Na pale ilipoondolewa miti mikubwa yote, nyuki hukosa maua, uyoga wa masika hupungua, na udongo wa milimani hushuka mtoni. Mto Songwe wa mpakani sote twajua unavyohama wakati wa mafuriko, hata mpaka wetu na Malawi ukawa jambo la kujadiliwa na Serikali mbili.

Hesabu ya misitu ya nchi nzima, iliyotolewa mwaka 2015, ilionyesha kwamba kila mwaka zaweza kukatwa meta za ujazo milioni 42.8 bila kuidhuru misitu, bali mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Karani yeyote ajuaye kutoa aweza kuona kilichopungua.

Sasa twaja kwenye jambo lituumizalo. Shoka halina muhuri; sisi ndio tunao. Gogo halipiti Tunduma kwa miguu yake. Hupita kwa kibali na hati ya kusafirishia, na karatasi hizo zina mwandishi. Kibali kimoja kikitumika mara tatu, au hati ikisema meta 10 na lori limebeba 20, aliyeukata msitu ni nani? Mwenzetu mmoja alikataa kuandika hati kabla ya kupima mzigo. Aliitwa mjuaji, na haukupita muda akahamishwa. Hatumtaji yeye wala ofisi yake. Wenyewe wanajijua.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Taarifa ya TRAFFIC ya mwaka 2007, juu ya mbao za kusini mwa Tanzania, ilionyesha kwamba vitabu vya China viliandika mbao zilizoingia kutoka kwetu mara 10 zaidi ya zile zilizoandikwa hapa kwamba zimetoka. Bahari haizalishi mbao! Tena mwaka 2017 mamia ya malori yenye magogo kutoka Kongo yalizuiwa nchini Zambia, na mengi yalikuwa ya Watanzania. Mzigo wenyewe ulikuwa mkurungu, ambao jirani zetu wauita mukula. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kwamba mti huo usiuzwe nje bila hati maalum. Hati tena! Ulimwengu mzima umeweka ulinzi wa mti huo katika kalamu ya karani.

Tutaambiwa mshahara ni mdogo. Ni kweli, nasi tumelisema hilo katika kurasa hizi wala hatutaacha kulisema. Lakini mshahara hudaiwa mezani, haudaiwi porini.

Kwa hiyo twataka jambo hili litiwe katika mambo ya mkutano ujao: kwamba kila mwanachama aliye kwenye kizuizi apime mzigo kabla ya kutia sahihi, na nambari ya kila hati ibandikwe mahali ambapo wanakijiji walikokatwa miti waweza kuisoma, na kwamba mwanachama atakayehamishwa kwa ajili ya kukataa, Chama kimsimamie kwa barua na kwa fedha. Wale waonao kwamba habari hizi zingefaa kunong'onwa tu, na waje waseme hivyo mkutanoni, mbele ya wote.