Ahadi ya Asilimia 20

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kuutengea asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara. Ni sera njema. Ila mjadala wetu juu yake hulikwepa swali moja: barabara hizo ni za nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliigawa kazi hii. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Zilizobaki ni za kaunti. Maana yake ni kwamba Mombasa Road, Thika Road na Waiyaki Way zimo mikononi mwa mamlaka za kitaifa, na sera ya kaunti haizifungi. Wabera Street, katikati ya jiji, ina njia pana ya waendao kwa miguu, nami huifurahia. Lakini kibarua atokaye Kibera alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu hapiti huko. Njia yake inakatizwa na Mombasa Road, na juu yake imejengwa Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, isiyomruhusu mtembea kwa miguu wala bodaboda. Twaambiwa watu watumie madaraja ya juu. Yaani mama mwenye mzigo kichwani apande ngazi, ili mwenye gari asikanyage breki!

Takriban safari nne kati ya kumi jijini hufanywa kwa miguu, na waendao kwa miguu ndio wengi miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini. Hili si jambo la kupamba mji.

Kinachozifunga serikali zote mbili ni Katiba yenyewe: Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Njia impitishayo mwenye kiti cha magurudumu humpitisha pia mtoto wa shule. Kwa hiyo ningependa mkataba wa kila barabara, ya kaunti au ya taifa, useme wazi kuwa mkandarasi halipwi awamu ya mwisho kabla njia ya miguu na vivuko havijakamilika.

Makadirio ya bajeti za ngazi zote mbili hufikishwa mabungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Wanaharakati wanaoandikia City Hall peke yake wanaandika nusu ya barua. Nakala ya pili iende kwa kamati ya Bunge la Taifa inayoshughulikia barabara.