Wanaume Wenzangu, Twendeni Tukapimwe

Ndugu zangu mliotimiza miaka arobaini na kupita, leo tuambiane jambo ambalo barazani tunalitaja kwa utani tu, kisha tunageuza mazungumzo asije mtu akatuuliza kweli. Ni kupungukiwa nguvu za kiume.

Dar es Salaam mwenye shida hii hakosi dawa. Kwenye kituo cha daladala anauziwa mizizi, jioni anakunywa supu ya pweza, na akijua mlango wa kugonga anapata ule unga uitwao vumbi la Kongo. Asipopona anaambiwa amefungwa, na hapo huanza kumtazama kwa jicho baya shemeji, jirani, hata mke aliyezaa naye. Wote waliomuuzia dawa hizo wamekula fedha yake, na hakuna hata mmoja aliyempima presha.

Nami nashikilia kwamba kipimo hicho ndicho cha kwanza. Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, mishipa ya fahamu na kuta za mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, nayo huilegeza misuli ya ndani, damu ikaingia kwa wingi na kubaki humo. Presha, kisukari, sigara na mafuta mengi katika damu huziharibu kuta hizo mwili mzima. Lakini mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ile mikubwa ya moyo 3 hadi 4. Basi iliyo myembamba ndiyo inayolemewa mapema. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 50 anayeshindwa chumbani huenda anapewa habari za moyo wake miaka miwili, mitatu, hata mitano kabla kifua hakijamuuma. Habari ya thamani namna hiyo, yeye anakwenda kuizima kwa vumbi!

Tena aibu ya nini? Utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 wana shida hii, kwa kiasi kidogo au kikubwa.

Sisemi kila mwenye shida ni mgonjwa wa moyo. Pombe huchangia, na baadhi ya dawa za presha na za sonona pia. Lakini usithubutu kuziacha kwa hasira, mwambie daktari akutafutie nyingine. Na yule anayeamka alfajiri akiwa imara, usiku akashindwa, mara nyingi mwili wake ni mzima. Kinachomlemea ni deni, ugomvi wa nyumbani, au hofu ya kushindwa tena kama juzi. Huyo anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Tiba zipo. Kuacha sigara, kupunguza kitambi na kutembea kwa miguu kila siku huwarudisha wengine katika hali yao bila kidonge. Vipo vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, na tadalafili, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vikishindwa, ipo pampu, sindano, na hata upasuaji. Homoni ni kwa yule tu ambaye damu yake imepimwa ikaonekana imepungukiwa.

Hapa naomba mnisikilize sana. Anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua, akinywa sildenafili au tadalafili, presha yake inaweza kuporomoka ghafla akafa. Na mamlaka za dawa zimekamata mara nyingi unga na vidonge vinavyoitwa vya asili, kumbe ndani vimetiwa sildenafili kwa siri. Mzee wa watu anaramba unga akidhani ni mizizi mitupu, na muuzaji hakumuuliza hata kama ana ugonjwa wa moyo.

Na mke aambiwe. Ukimnyamazia, ukamgeuzia mgongo usiku baada ya usiku, atadhani umepata nyumba ndogo, au kwamba yeye amekuchosha, naye atalia peke yake kwa kosa asilolitenda. Mweleze, kisha asubuhi mwende zahanati pamoja, maana hata yeye huenda hajapimwa presha tangu alipojifungua mtoto wa mwisho.