Usiisugue Sarafu ya Babu

Mama mmoja wa makamo alibisha hodi kwetu, hapa Butembo, mkononi ana mkebe wa majani ya chai uliofungwa kwa kitambaa. Asili yake ni upande wa Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuitesa nchi ya Beni, jamaa nyingi zimeyaacha makao yao. Naye siku ya kukimbia hakuchukua ila watoto, godoro moja, na mkebe huo aliorithi kwa marehemu baba yake.

Ndani tuliona sarafu tatu. Ya kwanza ni ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na picha ya tembo: faranga 2 za Kongo ya Kibelgiji, mwaka 1943. Ya pili ni ya shaba nyekundu iliyogeuka nyeusi, yenye tundu katikati: santimu 10, mwaka 1888. Ya tatu ni kubwa, ya fedha, yenye kichwa cha mfalme Leopold II: faranga 5, mwaka 1887. Hiyo ya tatu iling'aa kama kijiko kipya. Kitinda mimba wake alikuwa ameisugua kwa majivu na limau ili mnunuzi aipende.

Wasomaji wapenzi, mtauliza: mzee yule aliwekea nini vyuma visivyonunua hata chumvi? Sababu anayo kila aliyeishi miaka ile. Mnamo Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na watu wengi waliamka maskini. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 faranga moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeona akiba yake ikigeuka karatasi tupu si ajabu akitumaini chuma.

Lakini mkebe ule ulikwisha kuleta fitina. Mchuuzi mmoja alitaka kuinunua ile ya fedha siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuchwa, akikataza mtu yeyote asiulizwe. Tena nduguze walinong'onezana kwamba dada yao ameficha utajiri wa baba. Ndiyo maana alitujia: hakutafuta mali tu, alitafuta shahidi.

Twende pole pole. Kila mtu wa Butembo amemwona mbadilishaji fedha akiinua noti ya dola kwenye mwanga. Huitazama pembe, huitafuta chozi dogo la mpasuko, kisha huirudisha au huipunguzia bei. Noti ni ya kweli, wala thamani iliyoandikwa haikubadilika. Hali yake tu ndiyo imeshuka. Basi, wakadiriaji wa sarafu hufanya vivyo hivyo, ila wao wana kanuni iliyoandikwa. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha kutoka 1 hadi 70: 1 ni sarafu iliyolika hata ni vigumu kuitambua, 70 ni ile isiyo na ila. Wale wafuatao desturi ya Kifaransa hutumia maneno, tangu "nzuri" hadi "ua la muhuri", yaani sarafu isiyopita mikononi mwa watu.

Katika maonyesho makubwa ya sarafu, kama yale ya Berlin au ya Marekani, wenye kampuni za kazi hiyo huweka meza zao. Mwenye sarafu hujaza karatasi, hulipa ada, hupewa stakabadhi. Wajuzi zaidi ya mmoja huitazama, ni halali au ni ya kughushi, imelika kiasi gani, imeguswa na dawa au la. Halafu hufungwa ndani ya kisanduku cha plastiki angavu chenye namba yake. Tangu hapo muuzaji na mnunuzi wasiojuana wanaweza kusadikiana.

Hapa kwetu hakuna meza hiyo, lakini si kwamba hatuna la kufanya. Faranga 5 za Leopold zilikuwa na uzito wa gramu 25, na upana wa milimita 37. Butembo ni mji wa dhahabu. Mizani ya kupima gramu haikosi. Tuliipima, ikakaribia gramu 25. Tukaisogezea sumaku, haikuvutwa, kwa kuwa fedha haishikwi na sumaku. Ya uongo yenye chuma ingalirukia. Dalili zilikuwa njema, lakini dalili si hukumu. Mpwa wa mama huyo akaaye Ubelgiji alipokuja kuwasalimu wakwe zake, akazichukua zote mbili, ya fedha na ile nyeusi. Ya tembo iliachwa: zilipigwa nyingi mno huko Philadelphia, wakati Ubelgiji ilipokuwa chini ya Wajerumani, hata ada ingeweza kuipita bei yake.

Miezi mingi ikapita ndipo jibu likafika. Faranga 5: halali, lakini imesuguliwa, haipewi namba. Majivu na limau viliondoa ngozi ambayo fedha ilijivika kwa zaidi ya miaka 130, vikaacha mikwaruzo isiyofutika. Ile nyeusi, ambayo mtoto aliidharau akaiacha na uchafu wake, ilipewa namba nzuri. Bei yake ni ndogo, lakini heshima yake ni kamili.

Kijana alilia. Mama yake hakumpiga, alimwambia, "Ulitaka kusaidia, mwanangu. Siku nyingine uliza kwanza." Nao nduguze, walipoisoma karatasi ile, walinyamaza. Utajiri uliofichwa haukuwako. Waliketi pamoja wakakubaliana kwamba sarafu zisiuzwe kwa sasa, bali zikae kwa dada yao, na kila mmoja ajue zilipo.

Basi, ninyi mlio na mkebe kama huo, shikeni haya machache. Msisugue, msioshe kwa limau wala kwa dawa ya meno. Shikeni sarafu kwa ukingo wake. Ifungeni peke yake katika karatasi kavu. Iandikeni tarehe, uzito, na jina la aliyeiacha. Na mnunuzi akatazaye kuuliza, mfungulieni mlango atoke. Mali halali haiogopi shahidi.