Tusiwe Wasomaji Tu wa Wavuti

Mwanafunzi wa Msambweni akitaka leo kujua habari za Diani, huandika jina hilo katika simu na mara humiminika kurasa tele: hoteli, fukwe, bei za vyumba. Nyingi zimeandikwa kwa lugha za Ulaya, nazo zimekusudiwa mgeni. Akitaka kujua wavuvi wa Vanga huziitaje pepo za bahari kwa Kivumba, atapata machache mno. Yafaa walimu na wanafunzi wajiulize kwa nini hali iko hivyo. Sehemu ya jibu imo katika historia ya wavuti yenyewe.

Wengi huchanganya intaneti na wavuti. Intaneti ni njia zinazounganisha tarakilishi. Wavuti ni kurasa zipitazo katika njia hizo, zikishikanishwa kwa viungo. Mwezi wa Machi 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, Uswisi, aliwaandikia wakubwa wake pendekezo. Tatizo alilolitaja lilikuwa upotevu wa maarifa: watafiti walikuja, wakakaa miaka michache, wakaondoka na waliyoyajua. Kufikia mwisho wa 1990 alikwisha kuunda kurasa za kwanza na programu ya kuzifungulia, na Agosti 1991 akaitangaza kazi hiyo kwa umma. Ukurasa ule haukuwa na picha. Ulieleza kwa maneno matupu mradi wenyewe ulikuwa nini, na jinsi msomaji angeweza kushiriki. Aprili 30, 1993, CERN ikaruhusu kila mtu kuitumia teknolojia hiyo bila malipo.

Liko jambo moja ambalo husahauliwa. Programu ile ya kwanza ilimwezesha mtu kusoma ukurasa na pia kuuandika. Zile zilizoenea baadaye, kama Mosaic ya 1993, zilikuwa hasa za kusomea. Hivyo basi, aliyekusudiwa kuwa msomaji na mwandishi akaachiwa kusoma tu.

Nasi tuliingia kwa mlango huo wa kusoma. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilipita chini ya bahari zikafika Mombasa, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni. Tangu hapo tumewafunza watoto kutafuta na kunakili. Kuandika kilicho chao hatujawafunza. Hata kamusi ya Kiswahili iliyotangulia kuwekwa katika intaneti mwaka 1994 ilianzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kabla ya hapo, Lambert ndiye aliyechapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Chifundi mwaka 1958. Twawashukuru wageni hao kwa dhati. Lakini hadi lini tutangoja mgeni atuandikie maneno ya nyumbani kwetu?

Wako watakaosema kwamba Kivumba na Chidigo havitahiniwi, na kwamba mwalimu ana mzigo wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, insha hutahiniwa, na mwanafunzi aliyemhoji babu yake, akapanga maelezo na kuyasahihisha, amejifunza insha kuliko aliyekariri mifano ya kitabu. Wengine watasema vijana huandika kila siku katika simu zao. Ni kweli, ila maandishi hayo hupita kama maji ya mto. Hayakupangwa ili mwingine ayarejelee.

Kwa hiyo napendekeza kila shule ya upili ya Kwale ianze na ukurasa mmoja. Shule iliyo karibu na Gazi iandike mikoko: mkoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana, kila mti na kazi yake, kama wazee wanavyoeleza. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umeipa misitu hiyo sifa duniani. Majina yake nayo yastahili kujulikana. Wazee waombwe idhini kwanza, kwani yapo ya kaya, kama Kaya Kinondo, yasiyopaswa kutangazwa.

Isitoshe, kila ukurasa uchapishwe na nakala itiwe katika maktaba ya shule. CERN ilipoamua kuurejesha ukurasa wake wa kwanza mwaka 2013, ilibidi itumie nakala ya 1992, kwa kuwa umbo la mwanzo halikuwa limehifadhiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na waliovumbua wavuti hawakuepuka hilo.

Maarifa yaliyokuwa yakiondoka na watafiti kule Geneva ndiyo yaliyozaa wavuti. Hapa kwetu huondoka kila tunapomzika mzee. Asiyekuwapo na lake halipo: tusipoandika, mtoto wa Msambweni ataijua Diani kwa maneno ya mgeni peke yake.