Mwanafunzi wa udaktari aanzie dharura

Tarehe 5 Septemba 2013, lori liliteremka Field's Hill hapa Pinetown, likazigonga teksi za abiria (ndiyo daladala za huku) na magari madogo. Watu 24 walikufa. Siku kama hiyo haimuulizi daktari yuko mwaka wa ngapi.

Wapo wanaosema rotesheni ya dharura iachwe hadi mwisho, mwanafunzi akishajua kitu. Mimi kama nesi napinga. Afrika Kusini wagonjwa wa dharura hupangwa kwa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani. Kinachotangulia ni kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo, kupima presha na joto, kuangalia kama mtu anaitika na anatembea. Hayo mwanafunzi anayeanza wodini anayaweza, na nesi atamwelekeza. Akiyashika mapema, kila wodi ataingia akijua nani hawezi kusubiri.

Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na sasa majengo ya dharura yamefika hadi hospitali za wilaya. Lakini jengo halitibu mtu. Basi likipinduka usiku, ni daktari mgeni na nesi wa zamu.

Kwa hiyo mwanafunzi, usingoje ratiba ikukumbuke. Peleka barua miezi kadhaa kabla, na uombe zamu za usiku pia. Nanyi wakuu wa vyuo, iwekeni rotesheni hiyo mwanzoni, tena iwe lazima.

Naomba kutoa hoja.