AFYA YA FAMILIA: Figo zinaugua kimya kimya

Mwezi huu tuongee juu ya figo. Ziko mbili, nyuma chini ya mbavu, kila moja kama ngumi. Kazi yao ni kusafisha damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo.

Ugonjwa sugu wa figo unakuja polepole, na mwanzoni hauumi. Ukiona miguu au uso umevimba, au mkojo unatoa povu jingi, huenda figo zimeshaharibika, na hazirudi kama zamani.

Maadui wakubwa ni wawili: presha na sukari. Wa tatu tunamnunua wenyewe sokoni: vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Mgongo unauma kwa kubeba maji, basi unameza leo, kesho, mwezi mzima. Kwa mwenye presha ni hatari zaidi.

Kusafishwa damu kwa mashine ni ghali, na ni mara 2 au 3 kila wiki. Kupandikiza figo humu Rwanda kulianza 2023 tu, Hospitali ya King Faisal, Kigali, mbali na hapa Rusizi. Lakini kupima presha ni dakika chache.

Basi mwenye presha, mwenye sukari, au ambaye kwao kuna mgonjwa wa figo, aende kituo cha afya, aombe kupimwa damu na mkojo. Chumvi tupunguze. Mama mjamzito akivimba uso asingoje kesho.

Watoto, wasomeeni bibi na babu ukurasa huu. Tuonane mwezi ujao!